Mashine Ikijibu, Mama Amweleze Nani?

Siku hizi katika vijiji vyetu vya Ngara na Biharamulo simu kubwa ya kugusa kioo si kitu cha kushangaza tena. Utaiona mnadani, utaiona kwenye foleni ya kliniki ya watoto, na wakati wa ibada utaisikia ikilia ndani ya mkoba ingawa mzee wa kanisa ametangaza mara mbili kwamba simu zizimwe. Ndani ya simu hiyo mama anatunza picha za wanawe, hesabu za kikundi cha kuweka na kukopa, majina ya wanaomdai na anaowadai, na sauti ya binti yake aliyeolewa mbali. Karibu yote hayo anayapata bila kulipa senti, ukiondoa fedha ya bando.

Katika ziara zetu za kufundisha afya kwa vikundi vya akina mama, swali moja limekuwa likiturudia mara kwa mara: huduma hii ya bure ikiharibika, ofisi yake iko wapi? Mara ya kwanza tulicheka. Mara ya pili hatukuweza kucheka, kwa kuwa aliyeuliza alikuwa analia.

Yaliyompata katibu

Huyo alikuwa katibu wa kikundi kimoja cha akina mama 27 karibu na Nyakahura, wilayani Biharamulo. Kikundi hicho hukutana kila Alhamisi, hununua hisa, hukopeshana, na mwisho wa mwaka hugawana. Katibu alikuwa amejiunga na mtandao mmoja wa kijamii ambao kujiunga kwake ni bure. Hatuutaji jina, maana tuliyoyaona humo tumeyasikia pia kwa wenye shida kwenye mitandao mingine. Kupitia mtandao huo alikuwa akiwakumbusha wenzake siku ya mkutano, akiwatumia picha za ukurasa wa hesabu, na kupokea habari za wagonjwa na wafiwa.

Jumatatu moja, katika msongamano wa stendi ya Nyakanazi, simu yake ikachomolewa kwenye mkoba. Simu haikuwa na kufuli. Mwizi alipoomba kubadili neno la siri, mtandao ulituma msimbo wa kuthibitisha kwamba ni mwenyewe. Msimbo huo ukaingia kwenye simu ile ile iliyokuwa mkononi mwa mwizi. Mashine ikaridhika. Kisha akaondoa namba ya katibu na kuweka ya kwake.

Usiku huo huo wanakikundi wakaanza kupata ujumbe wenye picha ya katibu wao. Ulisema kwamba ameanguka ghafla, amelazwa, anahitaji kupasuliwa, na fedha zitumwe haraka kwa namba ya daktari. (Daktari gani anayepokea ada ya upasuaji kwenye simu yake saa tano usiku? Sisi tulio kazini tungeuliza hivyo. Lakini mtu aliyeshtuka haulizi.) Waliompigia katibu hawakumpata, kwa kuwa laini ilikuwa imezimwa, na jambo hilo likazidi kuwaaminisha kwamba yu mahututi. Akina mama wanne walituma. Wawili walituma shilingi 50,000 kila mmoja, mmoja 45,000, na wa nne, bibi mjane anayelea wajukuu, alituma 40,000 alizokuwa ameweka kwa ajili ya sare za shule. Jumla ni shilingi 185,000.

Kesho yake katibu alikwenda Biharamulo mjini kurudisha laini. Alimkuta binti amekaa mezani, akamweleza, akaweka kidole kwenye kifaa, na laini ikarudi siku ile ile. Alitoka pale akiwa na moyo mkunjufu, akidhani shida imekwisha. Ilikuwa ndiyo kwanza inaanza.

Barua isiyokuwa na mpokeaji

Kwa muda wa wiki tatu katibu huyu alikuwa akienda kwenye duka la steshenari, akilipia kompyuta kwa saa, kijana wa dukani akimsaidia kubonyeza. Alibonyeza mahali palipoandikwa kwamba anahitaji msaada. Akaulizwa maswali, akachagua majibu, mwishoni akaambiwa msimbo umetumwa kwa namba inayoishia na tarakimu fulani mbili. Hazikuwa zake. Zilikuwa za mwizi. Akarudi mwanzo, akachagua jibu jingine, njia ikazunguka ikamleta pale pale.

Safari nyingine mashine ikamwambia apige picha kitambulisho chake cha taifa. Alifurahi, maana kitambulisho anacho. Lakini alipojiunga na mtandao ule alijiandikisha kwa jina analoitwa na kijiji kizima, yaani "Mama" na jina la mtoto wake wa kwanza. Kitambulisho kina jina lake la ubatizo, la baba yake na la babu yake. Tena siku ya kuzaliwa aliyoiandika mtandaoni ilikuwa Januari 1, kama walivyoandika wengi wetu kwa kutaka kumaliza fomu upesi. Majibu yalikuja baada ya muda mfupi: asante kwa kuwasiliana nasi, hatukuweza kuthibitisha kwamba akaunti hii ni yako.

Neno lililomkera ni lile "asante". Alituambia kwamba mtu akikunyima haki yako kwa ukali unajua umekutana na mkali, lakini huyu anakunyima huku anakushukuru.

Wanakikundi 19 wakajaribu kumsaidia kwa kubonyeza mahali pa kutoa taarifa kwamba akaunti ile ni ya mwizi. Kila mmoja alijibiwa peke yake kwamba taarifa yake imeangaliwa na hakuna kanuni iliyovunjwa. Katibu akaandika barua ndefu ya Kiswahili. Alianza kwa salamu, akaeleza habari za stendi, za daktari wa uongo na za bibi mjane, akamaliza kwa kuomba radhi kama amekosea mahali. Jibu lilirudi kabla hajainuka kitini, na lilikuwa lile lile la kwanza, neno kwa neno.

Mwishowe akafanya kama tunavyofanya sote tunapotaka kuaminiwa. Alikwenda kwa mtendaji wa kijiji akaandikiwa barua ya utambulisho yenye picha na mhuri, akachukua na taarifa ya upotevu kutoka polisi. Barua hiyo tumeiona. Imeandikwa vizuri, mhuri wake unasomeka hata kwa mwenye macho hafifu. Kasoro yake ni moja tu, kwamba hakuna mlango duniani ambao mama wa Nyakahura angebisha hodi na kuikabidhi.

Wakati hayo yakiendelea, kule kikundini maneno yalikuwa yameanza. Wengine walisema namba ile ya daktari ni ya ndugu yake. Wengine walisema mbona laini ilirudi kwa siku moja na akaunti haikurudi, kuna nini hapo? Mume wa mmoja wa waliotuma alifika nyumbani kwa katibu kudai fedha kwa sauti ambayo majirani walisikia. Katibu akaacha kwenda mkutanoni Alhamisi mbili mfululizo. Mwanamke kijijini anaishi kwa jina lake kuliko anavyoishi kwa shamba lake, na jina lilikuwa linaliwa kila siku na mtu asiyemjua, huku picha yake ikitabasamu pembeni.

Kilichomwokoa si mtandao. Mwenyekiti wa kikundi aliitisha kikao, kijana wa steshenari akaja na karatasi za majibu yote alizozichapa, na mtendaji akathibitisha tarehe ya taarifa ya polisi. Wakasoma ukurasa kwa ukurasa. Bibi mjane ndiye aliyesimama wa kwanza kumwambia, "Mwanangu, rudi kwenye kiti chako cha ukatibu." Kikundi kilichanga sare za wajukuu. Fedha zilizotumwa hazijarudi mpaka leo, na akaunti haijarudi pia.

Kwa nini hakuna mtu

Sisi wauguzi hatuzichukii mashine. Kipimo cha shinikizo la damu ni mashine, na kimewaokoa akina mama wajawazito wengi kuliko maneno yetu. Lakini kazini kwetu mgonjwa akiingia, jambo la kwanza ni kumtazama usoni. Kuna anayesema anaumwa kichwa na macho yake yanasema kapigwa. Kuna anayesema mtoto ana homa kidogo, ukimgusa mtoto unaacha kuandika na kukimbia naye. Mashine ya majibu hutoa orodha ya maumivu, nawe uchague. Kama uchungu wako haumo kwenye orodha, basi kwake huumwi.

Ni vyema tuelewe kwamba hali hii haikutokea kwa bahati mbaya. Kampuni ya Meta yenye Facebook, Instagram na WhatsApp ilianza na Facebook mwaka 2004, ikainunua WhatsApp mwaka 2014 kwa dola bilioni 19 za Marekani. Mwaka 2023 watu zaidi ya bilioni 3 walikuwa wakiitumia Facebook kila mwezi, na mapato ya kampuni mwaka huo yalipita dola bilioni 134, karibu yote yakitokana na matangazo ya biashara. Tafakari kidogo hapo, mama msomaji. Anayelipa ni mwenye tangazo. Kwa lugha ya soko letu, yeye ndiye mteja. Sisi tunaotumia bure tunafanana zaidi na watu waliokusanyika uwanjani, na mwenye tangazo ndiye aliyelipia kipaza sauti. Kuajiri mtu wa kumsikiliza kila mmoja wa watu bilioni 3 ni gharama, na gharama hiyo hakuna aliyekubali kuilipa.

Tusidhani kwamba tunaonewa kwa kuwa tuko pembezoni. Machi 2024 wanasheria wakuu 41 wa majimbo ya Marekani waliiandikia Meta barua ya pamoja, wakilalamika kwamba wananchi wao wanaporwa akaunti na hawapati wa kuwasaidia. Katika jimbo la New York peke yake malalamiko ya namna hiyo yaliyofika kwa mwanasheria mkuu yalikuwa 73 mwaka 2019, na mwaka 2023 yakawa 783. Hao wote wanaishi nchi moja na makao makuu ya kampuni, wanasema lugha ya kampuni, na bado walilazimika kumlilia mwanasheria wa serikali.

Mwaka 2023 kampuni hiyo hiyo ilianzisha huduma ya kulipia. Nchini Marekani ilikuwa karibu dola 12 kwa mwezi kwa anayejiunga kupitia kompyuta na karibu 15 kwa anayejiunga kwa simu, na moja ya faida zilizotangazwa ni kupata msaada wa mtu halisi. Kwa maneno mengine, binadamu yupo. Ana bei.

Na walikuwepo binadamu karibu zaidi na sisi kuliko tunavyofikiri. Kuanzia mwaka 2019 hadi mwanzoni mwa 2023 kampuni iitwayo Sama iliajiri vijana jijini Nairobi, wakiwemo waliosema Kiswahili, kwa ajili ya kuchuja yaliyowekwa kwenye Facebook. Kazi yao haikuwa kumjibu mama aliyepotelewa. Walikaa siku nzima wakitazama picha za mauaji na ukatili ili zisitufikie sisi. Mwaka 2022 Daniel Motaung, mmoja wa waliofanya kazi hiyo, alizishtaki Meta na Sama mahakamani Kenya, mwaka uliofuata wenzake zaidi ya 180 wakafungua kesi yao, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ikaamua kwamba Meta inaweza kushtakiwa nchini humo. Tunayataja haya ili mama asimkasirikie kila aliye nyuma ya kioo. Baadhi yao wameumia kuliko sisi.

Maswali ya Benaco

Watu wa Ngara wana kumbukumbu ambayo inafaa hapa. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa saa 24 hivi, wakatapakaa Benaco. Watoto walipotezana na mama zao katika msafara ule. Dada zetu wauguzi waliotutangulia wanasimulia jinsi watu wa Msalaba Mwekundu na wa mashirika mengine walivyokaa na fomu, wakiwaandika watoto mmoja mmoja.

Watoto wale hawakuwa na kitambulisho, na mama zao wengi walikuwa wameacha kila karatasi nyumbani. Lakini walihojiwa. Mtoto ana alama gani mwilini? Kaka yake anaitwa nani? Kilima cha nyumbani kinaitwaje? Alikuwa amevaa nini siku ile? Jibu moja likikosa, swali jingine liliulizwa, kwa kuwa aliyeuliza alitaka mama apate mtoto. Ilikuwa kazi ya taratibu, yenye makosa mengine, lakini ilijua kwamba mtu anatambulikana kwa njia nyingi.

Mashine zetu za leo zinajua njia chache. Zinauliza neno la siri, msimbo uliotumwa kwa simu, na jina linalofanana na kitambulisho. Aliyezitengeneza hakumfikiria mwanamke anayeitwa kwa jina la mtoto wake. Hakufikiria kwamba laini anayotumia imesajiliwa kwa kitambulisho cha mume, au kwamba simu moja inatumiwa na watu watatu nyumbani. Huku mpakani mambo yanaongezeka. Mfanyabiashara wa Kabanga au Rusumo huwa na laini mbili, ya Tanzania na ya ng'ambo, naye akiingia mtandaoni asubuhi kwa hii na jioni kwa ile, mashine huweza kudhani ni watu wawili katika nchi mbili na kumfungia kwa kumshuku.

Yanayowezekana kwa sasa

Tuliyoyafundisha katika vikundi baada ya mkasa wa katibu ni haya, na mengine akina mama wenyewe ndio waliotufundisha.

Kwanza, tenganisha mambo mawili ambayo wengi wanayachanganya, laini na mtandao. Laini ina mwenyewe hapa nchini. Ina namba 100 ya huduma kwa wateja, ina wakala, ina kidole chako. Simu ikiibwa, usianze na mtandao. Kimbilia laini kabla ya kitu kingine chochote, siku hiyo hiyo, hata kama ni kwa nauli ya kukopa, kwa sababu misimbo yote ya kukurudisha huja kwa laini. Bonyeza *106# uone ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Kama laini yako ina jina la mume, zungumzeni ndani ya nyumba kwa upole, kwa nia njema, ihamishiwe jina lako. Hili si la kutoaminiana. Mume akiwa safarini na laini ikapotea, wewe utaweka kidole gani?

WhatsApp, ambayo wengi wenu mnayo, ina tabia tofauti na mtandao wa katibu wetu, kwa kuwa yenyewe imefungwa kwenye namba. Aliyerudisha laini akijisajili upya na kuingiza msimbo wa tarakimu sita unaokuja kwa ujumbe, aliyekuwa ameingia kwa wizi hutolewa. Mwizi akiwa amewahi kuweka namba yake ya siri ya ziada, itakubidi usubiri siku 7 ndipo uingie bila namba hiyo, lakini hata katika siku hizo yeye hayumo. Kwa hiyo ni afadhali namba hiyo ya ziada uiweke wewe mapema. Fungua mipangilio, nenda kwenye akaunti, kisha kwenye uthibitishaji wa hatua mbili, uweke tarakimu sita unazozikumbuka pamoja na barua pepe ya mtu unayemwamini kama huna yako. Tulifanya zoezi hili na akina mama 14 chini ya mwembe huko Runazi, likachukua asubuhi nzima, kwa sababu kila aliyefanikiwa alitaka kwanza kumwonyesha jirani yake.

Msimbo ukija bila wewe kuuomba, usimpe mtu, hata akisema yeye ni mchungaji. Ujumbe wa kuomba fedha ukija, piga simu usikie sauti. Simu isipopatikana, mpigie mume wake, jirani yake, au tuma mtoto kwa miguu. Namba ya tapeli itume kwa ujumbe kwenda 15040, namba iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano kwa kazi hiyo, na taarifa polisi iandikwe. Karatasi hiyo ya polisi haikumsaidia katibu mbele ya mashine, lakini mbele ya kikundi ndiyo iliyomtetea.

Tumeulizwa pia kuhusu sheria. Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 3, 2024. Sheria hiyo inagusa hata maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake juu ya mtu, na mwananchi anaweza kupeleka malalamiko kwenye Tume. Kwa maoni yetu njia hiyo ni ndefu kwa mama aliyeporwa jana jioni. Hata hivyo vikundi vinavyopata matatizo haya viandike, vitunze tarehe na majibu, vipeleke. Wanasheria wale 41 wa Marekani nao walianza na malalamiko ya mtu mmoja mmoja.

Zaidi ya yote kikundi cha Nyakahura kimerudia daftari. Katibu anaandika kwa kalamu mbele ya watu, mweka hazina ana nakala, na picha ya ukurasa inatumwa mtandaoni baada ya hapo kwa wale walio mbali tu. Kuna dada mmoja mwenye elimu aliyewacheka kwamba wanarudi nyuma. Hatukubaliani naye. Mahali ambapo huwezi kudai chako, usiweke nakala pekee ya kitu chako.

Picha kumi na moja

Hilo la nakala pekee tuliliona kwa uchungu zaidi Ngara. Mama mmoja wa upande wa Rulenge alifiwa na mtoto wa miaka minne. Picha zake zote zilikuwa kwenye hifadhi ya bure ya mtandaoni aliyofunguliwa na mdogo wake, kwa simu ambayo ilikwishavunjika. Neno la siri hakulikumbuka. Mashine ikamwambia itatuma msimbo kwa namba aliyojiandikisha nayo, na namba hiyo alikuwa ameiacha siku nyingi. Laini isipotumika kwa muda mrefu hufungwa na namba yake hupewa mtu mwingine. Muda nao ulikuwa unamkimbiza, kwani zipo kampuni zinazofuta akaunti isiyoguswa. Google, kwa mfano, tangu Desemba 2023 imekuwa ikifuta zilizokaa miaka miwili bila kuingiwa.

Alijaribu miezi kadhaa. Kila mara jibu lilikuwa kwamba taarifa alizotoa hazitoshi. Ndipo mdogo wake alipopata wazo la kuipiga ile namba ya zamani yenyewe. Ikaita. Akapokea kijana, mvuvi wa Ukerewe.

"Shikamoo mama, lakini mimi sikufahamu," alisema, "na hizi namba za kusoma kwenye simu ndizo wanazoibia watu."

Alikuwa na haki kabisa, nasi tungemshauri mwanetu yeyote ajibu hivyo hivyo. Mlango ule ule ambao mama huyu aliuhitaji ndio ambao tapeli angeupitia, na mtu akiachia namba yake hovyo bila kuiondoa kwenye akaunti anamwachia mgeni ufunguo. Mama hakumlazimisha. Alimweleza tu habari za mtoto, alikuwaje, aliugua siku ngapi, alizikwa wapi. Kijana akanyamaza. Kisha akaomba azungumze na mtu mwingine wa nyumbani, akapewa baba wa marehemu, naye akamwuliza mambo yale yale kwa mpangilio mwingine. Aliomba muda wa kufikiri. Jioni alipiga mwenyewe, kwa fedha yake.

"Mwambieni huyo mtandao atume sasa," alisema. "Nipo na simu mkononi."

Msimbo ukafika Ukerewe, ukasomwa, ukaandikwa Rulenge kwenye kiganja cha mkono kwa kalamu ya bluu. Akaunti ikafunguka. Zilikuwa picha 11. Asubuhi yake mama alipanda gari kwenda studio Ngara mjini kuzisafisha zote. Mwenye studio alimwambia mbili zina ukungu hazitatoka vizuri, naye akasema zisafishwe hivyo hivyo.